Fimbo ya mbali haiui nyoka: tuchague sensa ya mwanga tunayoweza kuirekebisha wenyewe



Wakati wa kuandika bajeti umefika tena. Sisi tunaojitolea kwenye mafunzo ya umeme tunaujua wakati huu, sababu ndipo watu wanakuja na kalamu na kutuuliza, "Vijana, mnahitaji nini?" Tunajibu, wanaandika, halafu vinakuja vitu vingine. Mwaka huu tumeamua kuandika jibu letu hadharani, ili asiwepo wa kusema hakusikia. Na tunaanza na kitu kidogo kabisa, kidogo kuliko ukucha: sensa ya mwanga ya taa za sola.

Mtasema, jamani, watu wana shida ya chakula na nyinyi mnagombania sensa? Ndiyo, tunagombania. Sababu taa iliyo karibu na bomba la maji, na ile iliyo karibu na vyoo, inawashwa au inabaki imekufa kwa ajili ya kitu hicho kidogo. Na taa ikifa, siyo sisi vijana wa kiume tunaoumia kwanza. Ni dada zetu na mama zetu, wanaobana haja mpaka asubuhi kwa kuogopa giza. Tumeona nguzo yenye paneli nzima, betri nzima na taa nzima, imesimama bila kuwaka kwa miezi, kwa sababu sensa yake imekufa na ya kuibadilisha haipatikani hapa wala Mbarara. Nguzo ya namna hiyo haina kazi tena, labda kuanikia nguo.

Kwa hiyo tunasema wazi: kwa taa za kambini, sensa ya bei ndogo na ya waya mbili inafaa kuliko moduli ya kidijitali inayoagizwa kutoka mbali. Na mara nyingi hata hiyo ya bei ndogo haihitaji kununuliwa, sababu tayari tuko nayo juu ya nguzo. Tutaeleza.

Taa inauliza swali gani?

Kabla ya kuchagua kifaa, uliza kwanza kifaa kinatakiwa kujibu nini. Watu wengi wanaruka hatua hii. Wanafungua orodha ya bidhaa, wanaona "usahihi wa juu", wanapenda.

Taa ya bomba inauliza swali moja tu: ni mchana au ni usiku? Basi. Haitaki kujua kama mwanga ni luksi 812 au 815.

Sasa tuangalie ukubwa wa tofauti hiyo. Jua kali la mchana linafika kama luksi 100,000. Mwezi mpevu hauvuki sana robo ya luksi moja. Kati ya mchana na usiku kuna tofauti ya mara laki kadhaa. Ni kama kuulizwa umtofautishe tembo na sisimizi: huhitaji mizani ya duka la dhahabu.

Na sisi tuko karibu kabisa na ikweta. Hapa jioni haisitisiti. Jua likizama, mwanga ni kama luksi 400. Dakika kama ishirini baadaye, zimebaki luksi tatu au nne tu. Maana yake mwanga unapungua kwa nusu karibu kila dakika tatu. Shikeni hesabu hii vizuri, sababu ndiyo inamaliza ubishi wote wa usahihi: hata sensa ikikosea mara mbili nzima, yaani ikidhani luksi 20 ni luksi 10, taa itawaka dakika tatu mapema au itachelewa dakika tatu. Ni nani atalalamika kwa dakika tatu? Mama aliyeketi gizani miezi mitatu akisubiri moduli ndiye mwenye haki ya kulalamika.

LDR, ile wanayoiita ya watoto

Kuna kaka zetu waliosoma kozi mbili tatu, ukiwatajia LDR wanacheka. Eti hiyo ni ya kufundishia watoto. Tuwaeleze wale ambao hawaijui, halafu tuone ni nani wa kucheka.

LDR ni rezista inayobadilika kwa mwanga. Ina miguu miwili, haina mbele wala nyuma, ukiigeuza inafanya kazi vilevile. Gizani inazuia umeme sana, kwenye mwanga inaachia. Ile ya kawaida kabisa inayouzwa kila mahali, GL5528, kwenye luksi 10 ina kati ya kilo-omu 10 na 20, na gizani inafika mega-omu moja na zaidi. Juani inashuka mpaka omu mia chache.

Unaiunga na rezista moja ya kawaida ya kilo-omu 10. Mguu mmoja wa LDR unaenda kwenye volti 5. Mguu wa pili unakutana na ile rezista, na mwisho wa rezista unaenda kwenye hasi. Pale wanapokutana ndipo unachukua waya kwenda kwenye pini ya analogi ya Arduino. Arduino Uno inasoma volti 0 mpaka 5 kama namba kutoka 0 mpaka 1023. Fanyeni hesabu: LDR ikiwa na kilo-omu 10, volti zinagawanyika nusu kwa nusu, unasoma kama 512. Ikiwa na kilo-omu 20, unasoma kama 341. Gizani kabisa, ikiwa na mega-omu moja, unasoma kama 10. Juani, ikiwa na omu 500, unasoma zaidi ya 970. Kutoka 10 mpaka 970! Hata aliyelala usingizi anaona tofauti.

Hatuhitaji maktaba ya programu, wala anwani, wala intaneti ya kupakua kitu. Amri moja tu ya kusoma pini. Ikiharibika, fundi wa redio pale sokoni anaipima na mita yake: anaifunika na kidole, omu zinapanda, anaifunua, zinashuka. Amejua ni nzima. Hahitaji laptopu wala cheti.

Na bei? Kwa pesa ya moduli moja ya kidijitali, unanunua LDR kumi na chenji inabaki. Unaweka tisa kwenye kopo, na nguzo yako ina akiba ya miaka.

Tuwe wa haki kwa ile ya kidijitali

Hatusemi moduli ya kidijitali ni mbaya. Chukueni BH1750, inayopendwa sana kwenye mafunzo. Ni sensa nzuri. Inakupa jibu moja kwa moja kwa luksi, bila kupiga hesabu, na mbili za aina moja zinakaribiana katika majibu. Mkitaka kupima kama chumba cha kusomea kina mwanga wa kutosha, sisi wenyewe tutawaomba mlete moja. Viwango vya Ulaya vinapanga mwanga wa darasa kwa luksi, na huwezi kubishana na mwenye jengo kwa kumwonyesha namba ya LDR. Hapo unataka luksi za kweli. Moja inatosha kambi nzima, tunaizungusha kutoka chumba mpaka chumba.

Lakini kuiweka juu ya kila nguzo ni kitu kingine.

Kwanza, inahitaji angalau waya nne: umeme, hasi, na mbili za mawasiliano. Kila waya ni kiungo kinachoweza kulegea kwa joto, upepo, na mchwa wanaojenga ndani ya kisanduku. Na mawasiliano yale yametengenezwa kwa umbali mfupi, ndani ya bodi. Ukiyavuta kwa waya mrefu kutoka chini ya nguzo mpaka juu, unatafuta matatizo.

Pili, chipu yenyewe ni ya volti 2.4 mpaka 3.6. Moduli nyingi zina kishusha volti juu yake, lakini siyo zote. Kijana anayeanza anaunga kwenye volti 5 bila kusoma, kazi imekwisha.

Tatu, na hili ndilo linaumiza: mawasiliano yakikwama, programu iliyoandikwa kwa haraka inaweza kukaa pale pale ikisubiri jibu lisilokuja. Haiendelei kusoma betri, haiendelei kuwasha taa, haifanyi chochote. Waya mmoja mdogo umeziba mdomo wa nguzo nzima. Programu nzuri inaweza kuzuia hilo, ni kweli. Lakini nani atakuja kuiandika upya, mradi ukishafungwa na aliyeiandika amesharudi kwao?

Na cha kuchekesha: kwa mipangilio yake ya kawaida, sensa hiyo inaishia chini ya luksi 65,535, na jua letu la saa sita mchana linaipita. Kwa taa hilo halina shida. Lakini wale wanaotuambia "hii inapima kila kitu" wajue, hata mchana wetu haiumalizi.

"Rahisi ni ghali"

Hapa ndipo tunapopigwa na methali. Tukisema LDR, tunaambiwa: vijana, rahisi ni ghali. Methali ni ya kweli, lakini imeelekezwa kwa mtu asiyehusika. Gharama ya sensa siyo ile iliyoandikwa kwenye risiti peke yake. Ongezeni siku za giza. Ongezeni nauli ya kwenda Mbarara na kurudi mikono mitupu. Ongezeni wiki za kusubiri mzigo kutoka nje. Ongezeni barua pepe nne za kuomba kibali cha kununua kitu cha bei ya chakula cha mchana. Mkishajumlisha, mtaona ni ipi iliyo ghali.

Wanasema pia: LDR haziko sawa, mbili za aina moja zinatoa majibu tofauti. Kweli kabisa, tumeshasema, kilo-omu 10 mpaka 20. Dawa yake siyo kuagiza nyingine. Dawa ni kuipima jioni pale pale kwenye nguzo, kuanzia jua linapozama, na kuandika namba yake. Tena tumeshaona, kosa la mara mbili ni dakika tatu.

Wanasema: taa zenu zinawaka-zima-waka-zima jioni kama disko. Hilo nalo siyo kosa la sensa. Ni kosa la programu yenye mpaka mmoja. Weka mipaka miwili: iwashe namba ikishuka chini ya 300, usiizime mpaka ipande juu ya 450. Katikati hapo, usifanye kitu. Halafu subiri dakika nzima kabla ya kuamua, ili taa ya bodaboda inayopita isiidanganye. Na tafadhali, msiweke sensa mahali inapoona taa yake yenyewe. Ikiona mwanga wake itadhani kumekucha, itazima. Ikizima itadhani ni usiku, itawasha. Igeuzie angani, ikinge kwa kipande cha bomba la plastiki. Moduli ya bei kubwa nayo ingedanganyika vilevile, sababu mwanga ni mwanga.

Na vumbi? Vumbi linafunika sensa zote bila kuuliza bei. Kitambaa kibichi mara moja kwa mwezi, wakati ule ule wa kufuta paneli.

Ikiharibika, iharibike upande gani?

Swali hili hatujawahi kulisikia kwenye mafunzo yoyote, na ni swali la kwanza ambalo mtu anayeishi hapa angeuliza. Kila kitu kitaharibika siku moja. Je, siku hiyo taa ibaki inawaka au ibaki imezima?

Kwa muungo tuliousema, LDR upande wa volti 5 na rezista upande wa hasi, waya wa LDR ukikatika, pini inasoma 0. Sifuri maana yake giza. Taa inawaka. Inawaka usiku, na inawaka hata mchana. Betri inachoka mapema, ndiyo, lakini kila anayepita saa sita mchana anaona: "Kwani hii taa mbona inawaka?" Watoto wanakuja kutuambia. Taa inayowaka mchana inaita fundi. Taa iliyokufa usiku haimwiti mtu, inamwacha dada yako apite gizani.

Ukigeuza muungo, LDR chini na rezista juu, waya ukikatika unasoma 1023. Programu nayo umeigeuza, 1023 ni giza, sawa. Lakini jua umechagua nini, na ujaribu: kata waya kwa makusudi kabla ya kupanda nguzo, uone kinachotokea. Hilo ni jaribio la dakika moja, na lina maana kwetu kuliko cheti cha wiki mbili.

Sumu iliyomo ndani

Sasa tuongee na wale wa mazingira, sababu hoja yao ni nzito na hatutaikwepa. LDR nyingi za bei ndogo zimetengenezwa kwa kadimiamu. Umoja wa Ulaya uliweka tangu Julai 2006 kikomo cha asilimia 0.01 ya kadimiamu katika vifaa vya umeme, na ndiyo maana LDR za aina hii zimetoweka katika bidhaa nyingi za kule. Kadimiamu inaharibu figo na mifupa. Japani, kwenye bonde la mto Jinzu, watu walikula mchele uliomwagiliwa maji yaliyochafuliwa na mgodi, wakapata ugonjwa walioupa jina la kilio chao: itai-itai, yaani "inauma, inauma". Mwaka 1968 serikali yao ilikubali kwamba chanzo ni kadimiamu.

Ndani ya LDR moja iko kidogo sana, na ikiwa nzima juu ya nguzo haimdhuru mtu. Lakini sisi tunajua takataka zetu zinaenda wapi. Zinaenda shimoni, na shimo linachomwa moto. Na pembeni ya shimo kuna shamba la mahindi la mtu. Kwa hiyo msituambie kuhusu mazingira kana kwamba sisi tunaishi mbali nayo.

Lakini angalieni: moduli ya kidijitali siyo jibu la hoja hii. Nayo inaishia shimoni, tena na bodi yake nzima. Jibu la kwanza ni kopo lenye kifuniko: kila LDR iliyokufa inarudi kwenye kopo, haiendi motoni. Jibu la pili ni fototransista.

Fototransista nayo ina miguu miwili, imetengenezwa kwa silikoni, haina kadimiamu, na bei yake ni ndogo vilevile. Inaungwa karibu sawa na LDR, isipokuwa yenyewe ina upande: ukiigeuza haifanyi kazi vizuri. Na hata kuinunua si lazima. Fungueni panya wa kompyuta wa zamani, yule mwenye mpira ndani, mtazikuta. Hizo zinaona zaidi infraredi, ambayo jua linayo kwa wingi na taa nyeupe za LED karibu hazina. Maana yake hazidanganyiki sana na mwanga wa taa yenyewe. Taka za ofisini zimeizidi bidhaa ya katalogi!

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu: kwenye mafunzo na kwenye nguzo mpya, fototransista mbele. LDR iwe akiba, na iwe na kopo lake.

Ile iliyoko juu tayari

Tulisema mara nyingi hata sensa ya kununua haihitajiki. Tazameni juu ya nguzo. Pale kuna kitu kikubwa, cheusi, kinachotoa umeme jua likiwaka na kunyamaza jua likizama. Paneli yenyewe ni sensa ya mwanga! Ni kubwa kuliko sensa zote, na imeshalipiwa.

Taa nyingi ndogo za sola za bustani zinafanya hivyo: hazina sensa nyingine, zinasikiliza paneli. Vidhibiti vingi vya kuchaji vina mpangilio wa kuwasha taa machweo na kuzima macheo, na vinafanya kwa kusoma volti za paneli. Mahali pengine tumekuta kidhibiti chenye uwezo huo, na juu yake watu wamefunga maikrokontrola, na juu ya maikrokontrola wamefunga moduli. Mtu mmoja ana macho mazima, wanamkodia wawili wa kumwongoza njia.

Ukitaka maikrokontrola yako isome paneli, fanya hivi. Paneli inayoitwa ya volti 12, ikiwa haijaungwa na mzigo, inatoa kama volti 22, na hizo zitaiua Arduino. Zipunguze kwa rezista mbili, kilo-omu 100 juu na kilo-omu 22 chini. Volti 22 zinakuwa chini kidogo ya 4. Hakikisha kati ya paneli na betri kuna daiodi inayozuia umeme wa betri usirudi kwenye paneli usiku, la sivyo utasoma betri ukidhani unasoma jua. Na pima kwanza na mita: vidhibiti vingi vya bei ndogo vimeunganisha waya za chanya pamoja na siyo za hasi, na ukiunga hasi za paneli na za betri kwa kubahatisha, unakipita kidhibiti. Bodi za volti 3.3 zinahitaji rezista zenye hesabu nyingine.

Rezista mbili. Hiyo ndiyo sensa ya mwanga ya bei ndogo kuliko zote, na hakuna mradi unaoweza kufungwa ukaondoka nayo.

Na sisi vijana tujiambie ukweli

Siyo wakubwa peke yao. Na sisi tunapenda picha. Mtu akishika moduli ya bluu yenye herufi za dhahabu anapiga picha, anaweka mtandaoni, anaandika "teknolojia". Akishika LDR hapigi picha. Lakini nyoka akiingia ndani ya nyumba unachukua fimbo iliyo karibu, hata kama imepinda. Fimbo ya mbali, hata iwe imechongwa vizuri namna gani, haiui nyoka.

Twende hata mbali zaidi. Kwa taa moja ya mlango wa choo, maikrokontrola yenyewe ya nini? Transista moja na LDR au fototransista inawasha taa giza likiingia, bila programu yoyote. Maikrokontrola ina maana pale unapotaka zaidi: kupunguza mwanga usiku wa manane ili betri ifike asubuhi, kuilinda betri isishuke kupita kiasi, kuhesabu saa za kuwaka. Kama hutaki hayo, usiiweke. Fundi anayejua kuacha kitu nje ni fundi zaidi ya yule anayejua kukiongeza.

Tunachoomba

Wakubwa wetu wa mashirika, hatuwaombi pesa zaidi. Tunaomba pesa zile zile zipite njia nyingine. Kabla ya kusaini orodha ya taa, ulizeni mambo manne, na mjibiwe na mtu anayeishi hapa:

Sensa hii ikifa, ya kuibadilisha inapatikana umbali gani, na kwa siku ngapi?

Ikifa, taa inabaki inawaka au inabaki gizani?

Nani hapa kambini anaweza kuipima kwa mita tu, bila laptopu?

Paneli au kidhibiti tulichonunua tayari, hakiwezi kufanya kazi hiyo?

Kama majibu ni mazuri, nunueni hata moduli ya dhahabu, tutaifunga kwa furaha. Kama hamna majibu, wekeni kalamu chini kwanza, mtuite tuje na mita yetu.

Na nyinyi vijana wenzetu, wa Nakivale, Kyangwali, Nyarugusu, Kakuma, Dzaleka na popote mlipo: msisubiri bajeti. Tafuteni panya wa zamani, fungueni. Tafuteni rezista mbili kwenye redio iliyokufa. Jioni ya leo simameni nje na mita, mwone namba zinavyoshuka jua likizama. Mkishaziona kwa macho yenu, hakuna katalogi itakayowadanganya tena, na nguzo iliyolala gizani kwenye kijiji chenu mtaiamsha wenyewe.